Unguja kwa boti, wawili kutoka Kigoma au Tabora: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Tangu mimi na mume wangu tuanze kwenda Unguja, maswali ni yale yale: saluni, kwenye vikao vya harusi, hata kwa mama muuza samaki wa migebuka soko la Mwanga, Kigoma. Nimeyaandika yote hapa ili anayeuliza nimtumie, maana nimechoka kueleza huku ugali unapoa.

## Kabla ya kuhesabu hela

Boti ya Zanzibar inakula hela nyingi?

Hapana. Kwa mtu anayetoka huku kwetu, boti ndiyo sehemu isiyouma. Kinachouma ni Dar es Salaam. Mkifika mmechelewa, boti ya mwisho imeondoka, mnatafuta gesti, mnakula nje, mnapanda bajaji kwenda na kurudi, na kesho yake mmelala tena hadi boti imewaacha. Safari yetu ya kwanza tulikaa Dar usiku mbili bila kupanga, na hesabu tuliyoifanya baadaye ilionyesha usiku hizo mbili zilitutoka zaidi ya nauli ya boti ya sisi wote wawili, kwenda na kurudi.

Kwa hiyo pangeni safari kinyumenyume. Anzeni na saa ya boti, rudini nyuma hadi saa ya kufika Dar, halafu ndiyo mtafute treni au basi la kuwafikisha saa hiyo. Wengi huanza na tiketi ya treni, mengine wanamwachia Mungu.

Ni boti zipi hasa?

Za abiria ziendazo kasi ni za Azam Marine (zile ziitwazo Kilimanjaro) na za Zan Fast Ferries. Kutoka Dar hadi bandari ya Malindi, Unguja, ni kama saa moja na nusu hadi mbili, kutegemea boti na bahari. Ya kwanza kwa kawaida huondoka asubuhi saa 1, ya mwisho alasiri. Azam wanayo pia Sealink, meli kubwa inayobeba magari na kwenda polepole. Hiyo inawafaa zaidi wenye gari au wanaoelekea Pemba.

Kuna bei mbili, ya raia na ya mgeni. Ni kweli?

Kweli. Raia hulipa nauli ya chini, mgeni hulipa nauli yake ya juu zaidi. Bei ya raia unaipata kwa kitambulisho, si kwa Kiswahili chako hata kikiwa kitamu namna gani. Soma swali la vitambulisho hapo chini.

Mbona msipande ndege moja kwa moja?

ATCL (Air Tanzania) wanatua Kigoma na Tabora, na mwenye nafasi apande. Sisi tulilinganisha tukaona tofauti ya nauli ya watu wawili inatosha kulala Jambiani, pwani ya mashariki ya Unguja, usiku kadhaa. Kuna kitu cha katikati ambacho watu hawakifikirii: kwenda kwa treni na boti, kurudi kwa ndege mkiwa mmechoka. Tiketi ya ndege ikatwe mapema, vinginevyo faida yote inaisha.

Miezi gani bei iko chini na bahari imetulia?

Hivi viwili havikai pamoja. Masika, Machi hadi Mei, nyumba za wageni hushusha bei na hata hoteli zenye kiburi hujibu simu. Lakini mvua inanyesha kweli kweli, na baadhi ya sehemu hufungwa kabisa. Juni hadi Septemba ni kusi: hewa nzuri, wageni wengi, na bahari inachafuka. Desemba hadi Februari ni kaskazi, joto kali, na bei hupanda sana karibu na Krismasi na mwaka mpya.

Mimi nachagua Oktoba au Novemba mwanzoni. Kusi imepungua nguvu, vuli haijakolea, na wageni wa Agosti wamerudi kwao. Mume wangu anapenda Juni kwa sababu ya baridi, lakini yeye hatapiki.

## Kutoka kwetu hadi Dar

Treni au basi?

Basi linawahi kuliko treni ya zamani. Barabara ya Kigoma, Uvinza, Kaliua hadi Tabora, na ile ya Tabora kupitia Itigi hadi Manyoni, zimebadilisha mambo. Anayekumbuka vumbi la zamani anajua. Hata hivyo kutoka Kigoma ni kukaa kwenye kiti mchana na usiku, na mkifika miguu imevimba kama andazi.

Treni ya reli ya kati ni zaidi ya kilomita 1,200 kutoka Kigoma hadi Dar. Mnalala humo usiku mbili hivi, na kuchelewa ni sehemu ya ratiba hata kama hakuandikwi. Kwa wenye haraka haifai. Kwa wawili wanaotaka kuongea, kula mahindi ya kuchoma dirishani na kuona Malagarasi ikipita, mimi sijaona safari inayoizidi. Watu wa Tabora mna bahati: mnakata njia kwa theluthi moja.

Mume na mke tunaweza kulala chumba kimoja kwenye treni?

Daraja la pili la kulala lina vitanda sita kwa chumba, na kawaida wanaume huwekwa kwao na wanawake kwao. Mnakuwa mume na mke hadi stesheni, kisha kila mtu na wenzake! Njia ya kukwepa ni kununua chumba kizima, na hiyo ina maana watu sita. Tulichofanya sisi safari ya pili ni kuungana na jozi nyingine mbili za wenza tunaofahamiana, tukawa sita, tukachukua chumba chote. Ilitoka nafuu na usiku tulicheza karata hadi Itigi.

SGR, ile treni mpya ya umeme, inatusaidia nini sisi wa huku, wakati haijafika?

Inasaidia kuanzia Dodoma. Treni za SGR zilianza kubeba abiria kati ya Dar na Morogoro Juni 2024, na Dodoma Julai mwaka huo huo. Nauli ya daraja la kawaida Dodoma hadi Dar iliyotangazwa wakati ule ilikuwa shilingi 31,000, na mwendo ni kama saa tatu na nusu. Unaweza kuja kwa basi hadi Dodoma, ukaoga, ukala, kisha ukapanda SGR inayofika kwa saa iliyoandikwa. Hiyo saa iliyoandikwa ndiyo mnayoinunua, kwa sababu inawaruhusu kupanga boti.

Angalieni mambo mawili. Stesheni ya SGR Dodoma haiko palipo stesheni ya zamani, kwa hiyo tengeni muda na hela ya bajaji. Pia ukaguzi wake unafanana na wa uwanja wa ndege: mzigo unapita kwenye mashine, kitambulisho kinatazamwa, na geti likifungwa limefungwa. Ile tabia yetu ya kurukia behewa treni ikianza kutembea, iacheni Tabora.

Tukifika Dar tumwambie dereva atupeleke wapi?

Msiseme "feri". Hapa ndipo watu wa bara tunapoangukia. Dar ukisema Feri, unapelekwa Magogoni, kwenye soko la samaki na pantoni la Kigamboni. Ni pwani hiyo hiyo lakini si penyewe. Semeni "boti za Zanzibar, Posta ya Zamani". Alama yake ni kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu, lenye mnara mrefu. Geti la boti liko ng'ambo ya barabara.

Mkishuka SGR katikati ya jiji, si mbali, hata kwa miguu inawezekana kama begi lina magurudumu. Mkishuka basi stendi ya Magufuli, Mbezi, tafuteni usafiri hadi Kimara, kisha mwendokasi wa kuelekea Kivukoni, mteremke Posta ya Zamani. Teksi kutoka Mbezi hadi mjini ni hela ya urojo wa wiki nzima.

Ikibidi kulala Dar, tulale wapi?

Karibu na boti, hata kama chumba ni kidogo. Gesti ya bei rahisi ya mbali hukurudishia gharama alfajiri, wakati daladala hazijachangamka na dereva wa bajaji ameshaona mabegi yenu. Maeneo ya Kariakoo, Gerezani na Kisutu yana gesti za kila aina. Ombeni kuona chumba kabla ya kulipa, na mwambieni mhudumu awagongee saa 11.

## Tiketi na getini

Tununue tiketi wapi?

Kwenye ofisi za kampuni zenyewe palepale bandarini, au kwenye tovuti zao. Basi. Nje ya geti mtakutana na vijana wenye fulana nzuri na vitambulisho vya shingoni, watawaambia dirisha limefungwa, boti imejaa, wao wana nafasi mbili za mwisho. Tulinunua kwa mmoja wao mwaka wa kwanza. Tiketi ilikuwa ya kweli, bei ilikuwa ya kwake. Dirisha, tulipofika, lilikuwa wazi na halina foleni.

Tiketi imeandikwa 07:00. Ni saa ngapi hiyo?

Saa 1 asubuhi. Nacheka nikiandika, lakini nafahamu wenza waliofika getini saa 7 mchana wametulia kabisa, na soda mkononi. 09:30 ni saa 3 na nusu asubuhi, 12:30 ni saa 6 na nusu mchana. Ongezeni sita au punguzeni sita, kisha someni tena. Fikeni saa moja kabla.

Vitambulisho gani vinahitajika?

Cha NIDA ndicho kisicholeta mjadala. Wasio nacho huonyesha cha mpiga kura, leseni ya udereva au pasipoti. Raia hahitaji pasipoti kwenda Zanzibar. Jina kwenye tiketi liwe lile lile la kwenye kitambulisho. Kama mke ameanza kuitwa kwa jina la mume lakini NIDA bado ina jina la baba yake, tiketi ifuate NIDA.

Tunaweza kubeba dagaa, mawese na asali?

Mnaweza, na kama mna mwenyeji Unguja mnatakiwa. Dagaa wa Kigoma wakaushwe vizuri, wafungwe mara mbili kwenye ndoo yenye mfuniko, maana ndani ya boti kuna kiyoyozi na harufu haina pa kwenda. Asali ya Tabora haina shida ikiwa kwenye dumu jipya. Mawese ndiyo adui. Dumu letu lilivuja chini ya kiti, likafuata mteremko wa sakafu hadi kwenye khanga ya mama mmoja wa Kizanzibari aliyekuwa amelala. Alikuwa mstaarabu kuliko nilivyostahili. Mawese yaende na mizigo ya chini, si miguuni.

Mifuko ya plastiki ya kubebea msichukue. Bara ilipigwa marufuku tangu Juni 2019, na Zanzibar walitutangulia kwa miaka mingi.

## Ndani ya boti

Sisi ni watu wa ziwa. Tutatapika kweli?

Mtu wa Kibirizi, pale ziwani Kigoma, hupenda kusema amezaliwa kwenye mawimbi. Nami nilisema. Wimbi la Tanganyika ni fupi na lina hasira, linakupiga na kuondoka. La bahari, hasa wakati wa kusi, linakuinua taratibu, linakushikilia juu, kisha linakuachia, na tumbo linabaki kule juu. Nilitapika kabla hatujaiacha Dar kwa macho.

Kaeni chini na katikati ya boti, kuelekea nyuma; mbele na juu ndiko kunakoyumba zaidi. Kuleni kidogo, si tumbo tupu wala supu ya kongoro. Tazameni upeo wa macho, simu wekeni mfukoni. Dawa za kichefuchefu cha safari zipo duka lolote la dawa, na zinamezwa kabla ya kupanda. Ukisubiri hadi ujisikie vibaya umeshachelewa. Wahudumu hugawa vifuko. Kichukueni mapema, heshima haipungui.

Daraja la juu lina maana kwa wenza wapya?

Kwa safari ya saa mbili? Hapana. Viti ni vipana na kuna utulivu, lakini bahari haiangalii daraja. Tofauti hiyo mkaile Forodhani, kwenye vyakula vya jioni mjini Unguja.

Ni salama? Bado tunakumbuka ajali.

Ni haki kukumbuka. MV Spice Islander ilizama Septemba 2011 ikielekea Pemba, na MV Skagit ilizama Julai 2012 ikitoka Dar kwenda Unguja, mwezi wa kusi. Ya kwanza ilikuwa imejaza watu kupita kiasi, ya pili ilikutana na bahari chafu. Kwa hiyo kipimo chenu ni hicho: chombo kikijaa hadi watu wamekaa kwenye ngazi, au boti za kampuni nyingine zimesitisha safari kwa hali ya hewa na hicho kimoja kinaondoka, msipande. Tiketi hupangiwa saa nyingine. Mkikaa, tazameni jaketi la kuokolea liko wapi kabla ya kutazama filamu.

Kuna mtu katuambia kuna jahazi la mizigo la bei poa.

Msipande.

## Mkishuka Unguja

Wale vijana wanaotufuata ni akina nani?

Wenyeji huwaita papasi, kama wale wadudu wa kuganda. Si wote wabaya, ila kamisheni yao inaongezwa kwenye bei ya chumba chenu. Jibu zuri ni "ahsante kaka, tunapokelewa", huku mnatembea kama mnajua mnakokwenda.

Pwani ipi ina nafuu?

Nungwi ni nzuri na bei yake inajua hivyo. Kwa watu wa mfuko wetu, Jambiani na Bwejuu, upande wa mashariki, zina nyumba ndogo za wageni zinazoendeshwa na wenyeji. Daladala namba 309 inakwenda Jambiani, 116 inakwenda Nungwi. Nauli ni ya kawaida tu, na mtabanana na kuku, mabati na watoto wa shule.

Mjue kitu kimoja ambacho ziwa halikuwafundisha: bahari inaondoka. Mashariki, maji yakipwa yanarudi nyuma mbali hadi unaona matope, majani na kina mama wakivuna mwani mahali ulipoogelea asubuhi. Siku yetu ya kwanza tulitoka na taulo saa 8 mchana, bahari haipo. Tukasimama tunatazamana. Mwenye nyumba akatueleza kuhusu bamvua na maji mafu: mwezi ukiwa mpevu au mwandamo, maji hujaa sana na kupwa sana, katikati yake hutulia. Ulizeni maji yanajaa saa ngapi kabla ya kupanga siku. Nungwi tofauti hiyo haisumbui sana, na ni sababu mojawapo ya bei yake.

Tutaombwa cheti cha ndoa?

Baadhi ya nyumba za wageni huuliza, hasa zile za mjini zinazoendeshwa na familia. Nyingine hazina habari. Sisi tunabeba kivuli cha cheti kwenye simu na kimetusaidia mara moja. Wasiooana wapige simu kwanza waulize, kuliko kusimamishwa mapokezi saa 3 usiku.

Chakula na mavazi?

Urojo mchana, Forodhani jioni, na mgahawa wa wenyeji Darajani badala ya ule wenye menyu ya dola. Forodhani ulizeni bei kabla ya kuonja. Mjini Mkongwe funikeni mabega na magoti, nyote wawili. Nguo za kuogelea ni za ufukweni. Wakati wa Ramadhani migahawa mingi ya wenyeji hufungwa mchana na kula hadharani ni utovu wa adabu, lakini jioni, futari inapoandaliwa, mnaweza kujikuta mmealikwa na watu msiowajua.

## Hali za pembeni

Mwenzangu ni Mrundi au Mkongo. Kuna tofauti?

Ipo, na huku Kigoma ndoa hizi ni nyingi. Yeye anahitaji pasipoti na kibali chake cha kukaa nchini kiwe hai, na nauli yake ya boti inaweza kuwa ya mgeni hata kama mmeoana miaka kumi. Tangu 1 Oktoba 2024 Zanzibar pia ina bima ya lazima kwa wageni kutoka nje ya nchi. Aulizie kiwango kinachomhusu yeye kabla ya kufunga begi, na hesabu ya bajeti ifanyike kwa bei mbili, si moja.

Nina mimba. Nisafiri?

Kliniki ndiyo itakayojibu, hasa kwa sababu dawa za kichefuchefu si zote zinafaa. Kwa upande wa safari: SGR badala ya basi refu, boti ya asubuhi ambapo mara nyingi upepo haujaamka, na kusi mwiache ipite.

Tukinunua runinga Unguja, tutasumbuliwa kurudi?

Mnaweza kuulizwa na watu wa forodha mkirudi Dar, na kodi ya tofauti ikadaiwa. Wekeni risiti. Viungo, halua na khanga hazijawahi kutuletea maneno.

Hela ikiisha Dar, kuna kisiwa cha karibu zaidi?

Mbudya na Bongoyo. Boti za Mbudya hutoka Kunduchi, za Bongoyo hutoka Msasani, Slipway. Mnakwenda asubuhi, mnarudi jioni, mnalipa kiingilio cha hifadhi na nauli ya boti. Bebeni maji yenu. Mchanga ni mweupe na bahari ni ile ile.

Na Mafia?

Boti za Kilindoni hutoka Nyamisati, wilayani Kibiti, si Posta. Ni kisiwa kitulivu, wageni wachache, na papa-potwe huonekana kuanzia Oktoba hadi Machi hivi. Mume wangu ndiye anayekitaka mwaka huu. Nimemwambia kwanza atafute watu wanne wa kujaza chumba cha treni.